Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Kilimo: Aina za Mimea Shambani Nazo Zihesabiwe

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya Kilimo, na ya Mifugo na Uvuvi. Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI. Kwa Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri. Na kwa wakuu wa taasisi zetu za utafiti, mbegu na afya ya mimea.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mkulima wa machungwa na minazi wilayani Muheza, na kabla ya hapo afisa ugani kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Ninawaomba mlitazame upya jambo moja tu, nalo ni namna tunavyopanga mimea shambani, kwa kuwa mpangilio huo una sauti kubwa katika kuamua ni wadudu gani watakaoishi humo, watakuwa wengi kiasi gani, na nani kati yao atamla mwenzake. Mipango yetu ya kilimo huhesabu kilo za mbegu, mifuko ya mbolea na lita za viuatilifu, lakini haihesabu aina za mimea zilizomo shambani na pembezoni mwake, kana kwamba hilo ni suala la kupendezesha mazingira lisilohusiana na mavuno. Ushahidi wa kisayansi unaonyesha kwamba linahusiana nayo sana, na sehemu muhimu ya ushahidi huo imepatikana hapa hapa Afrika Mashariki.

Nianzie Mbita, kwenye ufukwe wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, si mbali na mkoa wetu wa Mara. Hapo pana kituo cha utafiti cha icipe, taasisi ya kimataifa ya sayansi ya wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, na kituo hicho leo kinaitwa kwa jina lake. Katika miaka ya 1990, Dkt. Zeyaur Khan na wenzake wa icipe, wakishirikiana na Profesa John Pickett wa kituo cha Rothamsted nchini Uingereza, walikuwa wakitafuta namna ya kuwadhibiti funza wa mabua bila kumbebesha mkulima mdogo gharama ya sumu. Funza hao ni wa aina mbili kubwa: Busseola fusca, mwenyeji wa bara hili, na Chilo partellus, aliyetoka Asia na kuenea kwetu katika karne ya 20. Wote wawili huingia ndani ya bua, na wakishaingia dawa haiwafikii tena.

Watafiti hao walizipima nyasi nyingi za porini na za malisho, wakagundua kwamba nondo wa funza hawa hupendelea kutaga mayai kwenye matete, yaani mabingobingo, kuliko kwenye mahindi. Matete hutoa harufu inayowavutia nondo, na harufu hiyo huongezeka sana katika saa ya kwanza ya giza, wakati ule ule ambao nondo jike anatafuta mahali pa kutaga. Mayai yakianguliwa na vifunza vikaanza kutoboa, mmea hutoa utomvu wa kunata unaovinasa, na vingi hufa kabla ya kukomaa. Ukipanda matete kuzunguka shamba la mahindi, basi, unawavuta nondo waende kutaga mahali ambapo watoto wao wengi hawatapona.

Katikati ya mistari ya mahindi watafiti walipanda mimea inayofanya kazi ya kufukuza. Mwaka 1997 walichapisha katika jarida la Nature matokeo kuhusu nyasi iitwayo Melinis minutiflora, ambayo ikipandwa pamoja na mahindi hupunguza mashambulizi ya funza na wakati huo huo huongeza idadi ya funza wanaouawa na nyigu mdogo, Cotesia sesamiae, anayetaga mayai yake ndani ya mwili wa funza. Nyasi hiyo, hata ikiwa nzima kabisa, hutoa harufu zilezile ambazo mmea wa kawaida huzitoa unapokuwa umeshaliwa. Nyigu huzifuata akitarajia mawindo, na nondo huzikwepa akidhani mahali hapo pameshajaa. Baadaye ikaingia desmodiamu, mkunde wa malisho utambaao, ambao pamoja na kuongeza naitrojeni kwenye udongo ulionekana kuwa na faida ambayo haikutarajiwa: mizizi yake hutoa kemikali zinazozifanya mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao, ziote, kisha huzizuia zisijishike kwenye mizizi ya mahindi, zikafa zikiwa changa. Yeyote aliyewahi kuona shamba la mahindi au mtama lililojaa maua ya zambarau ya kiduha katika Kanda ya Ziwa anajua uzito wa jambo hilo.

Kilimo hiki, ambacho wengi wamekizoea kwa jina la sukuma-vuta, kilikuwa kimeshaenea kwa maelfu ya wakulima wa magharibi mwa Kenya wakati balaa jipya lilipotufikia. Viwavijeshi vamizi, ambao asili yao ni bara la Amerika, waligunduliwa Afrika Magharibi mwanzoni mwa mwaka 2016, na kufikia mwaka 2017 walikuwa tayari ndani ya Kenya na Tanzania. Mnakumbuka hali ilivyokuwa: wakulima walinunua dawa yoyote waliyouziwa, wakainyunyizia juu ya mimea ambayo viwavi walikuwa wamejificha ndani kabisa ya moyo wa majani machanga, na wengi walirudia mara kadhaa katika msimu mmoja. Katika kipindi hicho hicho, watafiti wakiongozwa na Charles Midega walifanya vipimo katika mashamba ya wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa wakitumia aina ya sukuma-vuta inayostahimili ukame, yenye desmodiamu katikati na nyasi ya brakiaria pembezoni. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba idadi ya viwavi kwa kila mmea ilikuwa chini kwa asilimia 82.7 ikilinganishwa na mashamba ya mahindi peke yake, uharibifu wa mimea ulikuwa chini kwa asilimia 86.7, na mavuno yalikuwa makubwa mara 2.7. Wanasayansi bado wanajadiliana kuhusu sehemu ya ulinzi huo inayotokana na harufu na sehemu inayotokana na buibui, sisimizi, nyigu na wawindaji wengine wanaostawi ndani ya desmodiamu. Mjadala huo ni wa haki na uendelee, lakini mkulima anayehitaji kuvuna msimu huu hana sababu ya kuusubiri umalizike.

Ningependa mwone pia kwamba Mbita si kisa cha pekee. Mwaka 1973 mwanaikolojia Richard Root wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alichapisha utafiti alioufanya kwa mboga inayojulikana katika kila jiko letu, sukuma wiki. Alilinganisha sukuma wiki zilizopandwa peke yake kwenye bustani na zile zilizopandwa mstari mmoja mmoja katikati ya majani na maua ya porini, akaona kwamba wadudu waharibifu walirundikana zaidi kwenye bustani ya zao moja. Alitoa maelezo mawili ambayo hadi leo ndiyo msingi wa elimu hii. La kwanza ni kwamba mdudu anayekula aina moja ya mmea huliona shamba la zao moja kwa urahisi, na akishafika hana sababu ya kuondoka. La pili ni kwamba mahali penye mimea ya aina nyingi huwapa maadui wa mdudu huyo makazi, chakula cha akiba na mahali pa kujificha, kwa hiyo huwa wengi na huwa wapo tayari kabla mdudu mharibifu hajaongezeka.

Majaribio makubwa yaliyofuata yaliyapima maelezo haya kwa miaka mingi mfululizo. Katika hifadhi ya Cedar Creek huko Minnesota, Marekani, David Tilman na wenzake walipanda mwaka 1994 viwanja vyenye aina kuanzia 1 hadi 16 za mimea. Na huko Jena, Ujerumani, jaribio lililoanza mwaka 2002 lilifika hadi aina 60 katika kiwanja kimoja. Kule Cedar Creek, kundi lililoongozwa na Nick Haddad lilionyesha mwaka 2009 kwamba aina za mimea zinapopungua, aina za wadudu na buibui nazo hupungua, na jamii yote inayobaki hugeuka: wawindaji hupungua kuliko wala mimea. Mwaka 2020, uchambuzi uliounganisha takwimu za Cedar Creek na Jena ulikadiria kwamba mimea katika viwanja vyenye mchanganyiko mkubwa hupoteza kwa wadudu wala mimea chini kidogo ya nusu ya nishati ambayo mimea ya aina moja huipoteza. Na tafadhali zingatieni kwamba viwanja hivyo vya mchanganyiko havikuwa na wadudu wachache. Mara nyingi vilikuwa na wengi zaidi na wa aina nyingi zaidi. Afisa anayekagua shamba na kuandika kwamba limejaa wadudu, bila kuandika ni wadudu gani na wanakula nini, hajatoa taarifa yoyote ambayo mkulima anaweza kuitumia.

Hapa ndipo ninapofika nyumbani, pwani, kwa maji moto. Wakazi wote wa ukanda huu, kuanzia Tanga hadi Mtwara, na kule Unguja na Pemba, wanawajua sisimizi hawa wekundu wanaoshona majani ya miti kwa uzi wa mabuu yao na wanaouma vikali mtu anapopanda mti. Kitaalamu wanaitwa Oecophylla longinoda. Utafiti uliofanywa Zanzibar tangu miaka ya 1950, hasa na Michael Way, ulionyesha kwamba maji moto ndio walinzi wakuu wa mnazi dhidi ya kunguni anayefyonza vidaka na kuviangusha kabla havijafikia hata kuwa vitale. Kunguni huyo leo anaitwa Pseudotheraptus wayi kwa heshima ya mtafiti huyo. Katika mkoa wa Pwani, watafiti wetu wa Kitanzania wamethibitisha kwamba mikorosho yenye maji moto wengi hupata madhara madogo zaidi ya kunguni huyo na ya mdudu mfyonzaji aitwaye mbu wa mikorosho.

Maji moto hawa wana mpinzani mkubwa, naye ni sisimizi mdogo wa kahawia anayeishi ardhini, Pheidole megacephala, ambaye halindi mti kama wao na huwafukuza wanapokutana. Watafiti waliokuwa Mikocheni, Dar es Salaam, akiwemo Dkt. Zuberi Seguni, walichunguza katika bustani za michungwa nini huamua mshindi kati yao, na jibu walilolipata linamgusa kila mkulima wa Muheza: ni majani ya chini. Majani mbalimbali yakiachwa chini ya miti, yakafyekwa kwa kiasi badala ya kung'olewa yote, sisimizi wa ardhini hupata riziki yake huko huko chini, na maji moto hubaki na miti. Ardhi ikipalilewa ikabaki tupu, sisimizi wa ardhini hupanda mitini kutafuta chakula, huwaondoa maji moto, na mti hubaki bila mlinzi.

Waheshimiwa, katika miaka yangu ya kazi tulimsifu mkulima ambaye ardhi chini ya michungwa yake ilikuwa imeparwa ikang'aa. Tulimpa alama za juu katika mashindano ya shamba bora na tuliwapeleka wenzake kujifunza kwake. Hakuna aliyefanya hivyo kwa nia mbaya. Ndivyo miongozo ilivyosema, na katika halmashauri nyingi ndivyo inavyosema hata sasa. Kila mwaka kipimo hicho kinapobaki, tunawalipa wakulima kwa sifa na vyeti ili wawaondoe walinzi wao wenyewe, kisha tunawauzia dawa ya kufanya kazi ambayo walinzi hao walikuwa wakiifanya bure.

Sitaki nieleweke kwamba kila mchanganyiko wa mimea unafaa. Kuna mimea inayohifadhi wadudu waharibifu wa mazao ya jirani, na kuna masalia ambayo ni lazima yaondolewe: mkulima wa pamba anayeacha mabua yake shambani baada ya mavuno anamhifadhia funza mwekundu makazi ya kuvukia msimu, na ratiba ya kuyang'oa na kuyachoma ina sababu zake za msingi. Mbaazi nazo hushambuliwa na funza wa vitumba, ambaye pia ni adui wa pamba na nyanya. Ninachokitetea ni mchanganyiko uliochaguliwa kwa kujua nani anakula nini. Kunde, kwa mfano, hutoa nekta hata nje ya maua yake, kwenye vijitezi vidogo karibu na majani na vikonyo vya maua, na nyigu waliokomaa, ambao mabuu yao hula viwavi, huitegemea sukari ya namna hiyo ili waishi muda mrefu na kutaga zaidi. Shamba la mahindi lisilo na ua hata moja ni jangwa kwa nyigu huyo, hata kama viwavi wamejaa. Ninakiri pia kwamba sukuma-vuta ina gharama yake: msimu wa kwanza unadai nguvukazi kubwa ya kupalilia desmodiamu ikiwa changa, na mbegu zake ni adimu na ni ghali. Mkulima asiye na ng'ombe wala mbuzi hufaidika kidogo kuliko jirani yake mwenye mifugo wa kula malisho hayo.

Wala jambo hili si geni kwa wazee wetu. Vihamba vya Wachaga kwenye miteremko ya Kilimanjaro, vyenye migomba, kahawa, magimbi na miti ya kivuli kama mruka, vimehesabiwa na wataalamu wa mimea na kukutwa na zaidi ya aina 500 za mimea, nyingi zikiwa hazikupandwa na mtu. Mfumo huo umelisha watu wengi katika eneo dogo kwa vizazi vingi.

Baada ya hayo yote, nina maombi ambayo yako ndani ya uwezo wenu na ambayo mengi hayahitaji sheria mpya.

La kwanza na kubwa ni mbegu. Ruzuku ya pembejeo imemfikia mkulima kwa njia ya mbolea na mbegu za mahindi, na tunaishukuru Serikali. Ninaomba kwamba kila mkulima anayepata mbegu za mahindi kwa ruzuku awe na haki ya kupata, katika utaratibu huo huo, mbegu za mkunde wa kuchanganya nayo: kunde, mbaazi au desmodiamu, kulingana na eneo lake. Kwa upande wa desmodiamu, kikwazo ninachokiona ni cha kiutawala. Kwa sababu ni malisho, iko chini ya sekta ya mifugo. Kwa sababu kazi yake ni kulinda mahindi, ingepaswa kuwa chini ya sekta ya kilimo. Na kwa hiyo inabaki katikati, bila mwenye jukumu la kuzalisha mbegu zake kwa wingi. Mawaziri wawili wakikaa meza moja na taasisi za utafiti wa mifugo (TALIRI) na wa kilimo (TARI), pamoja na Wakala wa Mbegu za Kilimo, wakakubaliana nani anazalisha, nani anathibitisha ubora na nani anasambaza, jambo hili litakwisha kwa kikao kimoja na bajeti ndogo kuliko ile ya kunyunyizia dawa wilaya moja wakati wa mlipuko.

La pili linahusu mashamba makubwa ya pamoja yanayoandaliwa kwa ajili ya vijana. Eneo la mamia ya ekari likisafishwa lote na kupandwa zao moja ni mwaliko wa wazi kwa wadudu wa zao hilo, na vijana wenye mikopo ya kulipa hawana uwezo wa kubeba hasara hiyo. Wakati wa kupima vitalu, ni rahisi kuacha mikanda ya uoto wa asili kati ya kitalu na kitalu na kando ya mifereji. Baada ya tingatinga kupita, kuirudisha huchukua miaka mingi. Ninaomba mikanda hiyo iwe sehemu ya ramani tangu mwanzo, na wataalamu wa wadudu wawepo pale wahandisi wanapochora.

Kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ombi langu ni kwamba mwongozo wa kunyunyizia umtake afisa ahesabu pande zote mbili, yaani wadudu waharibifu na maadui wao, kabla ya kupendekeza dawa. Karatasi ya ukaguzi yenye safu ya viwavi peke yake itaelekeza kwenye sumu kila mara. Ikiongezwa safu ya nyigu, buibui, sisimizi na wadudu wengine wawindaji, na maafisa ugani wakafundishwa kuwatambua kwa picha na kwa macho, maamuzi mengi yatabadilika yenyewe. Kwa wakurugenzi wa halmashauri za ukanda wa pwani, naomba vigezo vya shamba bora la michungwa, minazi na mikorosho vifutwe pale vinapodai ardhi tupu, na badala yake vitambue ufyekaji wa kiasi na uwepo wa maji moto mitini.

Mwisho, Nane Nane. Kila mwaka maelfu ya wakulima hupita katika viwanja vya maonyesho, Nzuguni jijini Dodoma na kwingineko, na mara nyingi hujifunza kwa macho kuliko kwa maneno yetu. Vipando wanavyovionyeshwa ni vya zao moja moja, vimenyooka na havina jani geni. Ninaziomba taasisi zenu, katika maonyesho yajayo, ziandae kando ya kila kipando cha mahindi kipando cha pili chenye mahindi yale yale, desmodiamu katikati na brakiaria pembezoni, kipandwe siku moja na cha kwanza, bila dawa, na pawepo afisa wa kumsaidia mkulima kufunua majani na kuhesabu mwenyewe viwavi katika vipando vyote viwili. Vipando hivyo huandaliwa miezi kadhaa kabla ya Agosti, kwa hiyo uamuzi unahitajika mapema, na mbegu za kutosha kwa eneo dogo kama hilo zinaweza kupatikana hata leo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima na afisa ugani mstaafu,
Muheza, Tanga